Ukingo wa Stampu na Thamani Yake

Stampu ya posta haizaliwi peke yake. Mpiga chapa huipiga pamoja na wenzake wengi katika karatasi moja kubwa, safu chini ya safu, na kuzizunguka safu hizo huacha ukanda wa karatasi usio na picha, mfano wa pambizo uionayo katika daftari lako. Ukanda huo ndio uitwao ukingo. Karani wa posta akikukatia stampu ya katikati ya karatasi, hupati ukingo. Akikukatia ya pembeni, huenda ukapata kipande cha ukingo kimeshikana nayo, na baina yao pana mstari wa vitundu tu. Watu wengi hukichana kipande hicho na kukitupa pasipo kufikiri.

Swali la insha hii ni jepesi kuuliza: je, stampu iliyoshikana na ukingo wake ina thamani kuliko stampu iliyotengwa nao? Ukiwauliza wakusanyaji wa stampu utapata majibu mawili yanayopingana. Mmoja atakuambia kuwa ukingo ni takataka, maana haulipii barua wala hauna picha ya kupendeza. Mwingine atakuambia kuwa kila ukingo huongeza bei, naye atataka umlipe zaidi kwa ajili yake. Nakusihi, msomaji, usimwamini yeyote kati ya hao wawili kabla ya kuisikiliza historia. Wa kwanza atakufanya uharibu mali yako kwa mikono yako mwenyewe, na wa pili atakufanya ununue karatasi tupu kwa fedha zako halali.

Na tuanze mwanzo kabisa. Stampu ya kwanza duniani ya kubandikwa juu ya barua ilitolewa nchini Uingereza tarehe 1 Mei 1840, ikaanza kutumika rasmi tarehe 6 Mei. Ilikuwa nyeusi, yenye picha ya kichwa cha Malkia Victoria, na bei yake ilikuwa peni 1. Karatasi nzima ilikuwa na stampu 240, yaani safu 20 za stampu 12. Hesabu hiyo haikuchaguliwa ovyo. Zamani hizo shilingi 1 ya Kiingereza ilikuwa sawa na peni 12, na pauni 1 ilikuwa sawa na peni 240. Basi safu moja iliuzwa kwa shilingi 1, na karatasi nzima kwa pauni 1, wala karani hakuwa na haja ya kujisumbua kwa hesabu ndefu.

Sasa utazame ukingo wa karatasi hiyo. Haukuwa mtupu. Uliandikwa bei ya stampu moja, bei ya safu moja, na bei ya karatasi nzima. Uliagiza kwamba stampu ibandikwe juu ya anwani, upande wa kulia wa barua. Ulionya kwamba mtu anapoilowesha nyuma aangalie asiiondoe gundi. Ukumbuke kuwa watu wa siku hizo hawakuwa na mazoea ya kubandika stampu. Ilikuwa lazima wafundishwe, na ukingo ulikuwa mwalimu wao. Zaidi ya hayo, katika pembe za ukingo palitiwa namba ya bamba, yaani bamba la chuma ambalo karatasi ile ilipigiwa chapa.

Mabamba ya stampu ile nyeusi yalikuwa 11, na stampu zilizotoka kwayo zilizidi milioni 68. Kila stampu ilikuwa na herufi mbili chini yake, tangu A A ya mwanzo wa safu ya kwanza hata T L ya mwisho wa safu ya ishirini. Kwa herufi hizo stampu hujitambulisha mahali pake katika karatasi, lakini haisemi ilitoka katika bamba lipi. Mabingwa hulitambua bamba kwa kuchungua kwa kioo cha kukuzia jinsi herufi zilivyokaa, kwa sababu zilipigwa kwa mkono na hazikukaa sawasawa katika kila bamba. Hiyo ni elimu ya miaka mingi. Lakini stampu ya pembeni iliyosalia na ukingo wenye namba hulitaja bamba lake waziwazi, hata mwanafunzi wa siku ya kwanza aweza kulisoma. Hapa ndipo penye shina la thamani ya ukingo: husema neno ambalo stampu peke yake haiwezi kulisema, au hulisema kwa shida.

Kabla hatujaendelea, inafaa tutenge mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Stampu za 1840 hazikuwa na vitundu vya kuzitenganisha. Zilikatwa kwa mkasi. Mwenye haraka aliikata picha yenyewe, na mwangalifu aliacha weupe kidogo pande zote nne. Weupe huo mwembamba unaoizunguka stampu ni sehemu ya stampu, na ukikosekana stampu huhesabiwa kuwa imejeruhiwa. Ukingo tunaousema hapa ni ule wa karatasi nzima, ulio nje ya safu zote. Stampu isiyo na ukingo huo haina kasoro, kwa kuwa stampu nyingi tangu mwanzo hazikupakana nao.

Vitundu vilikuja baadaye. Mtu mmoja aitwaye Henry Archer alibuni mashine ya kuvitoboa, serikali ya Uingereza ikanunua haki ya ubunifu wake mwaka 1853 kwa pauni 4,000, na mwaka uliofuata stampu zenye vitundu zikaanza kutolewa. Tangu hapo mkasi haukuhitajika tena. Lakini kazi ya kuuondoa ukingo nayo ikawa rahisi kama kuvunja bua. Wakusanyaji wenyewe walishiriki katika uharibifu huo, maana albamu nyingi zilichorwa visanduku vyenye ukubwa wa stampu tu, na ukingo haukuwa na mahali pa kukaa.

Mwaka 1864 ulitokea mfano unaoipima hoja yetu. Stampu nyekundu ya peni 1 ilitiwa namba ya bamba ndani ya mapambo yake yenyewe, kwa tarakimu ndogo mno, kushoto na kulia. Bamba namba 77 lilikataliwa kwa ubovu, lakini stampu chache sana zenye namba hiyo ziliponyoka zikawafikia watu. Stampu hizo ni miongoni mwa stampu za Uingereza zenye bei kubwa kabisa, wala hazihitaji ukingo wa kuzitambulisha. Kwa nini? Kwa sababu ushahidi umo ndani ya stampu yenyewe. Ukingo hupungukiwa na kazi pale ambapo stampu yajieleza.

Hata hivyo wapiga chapa waliendelea kuutumia ukingo kwa shughuli zao. Mwaka 1887, mwaka wa 50 wa utawala wa Malkia Victoria, mstari wa rangi ulianza kuonekana ukingoni ukizizunguka stampu. Haukuwa pambo. Uliwekwa ili upokee msukosuko wa mtambo na kuzilinda kingo za bamba zisichakae upesi. Tangu 1884 mpaka 1947 ukingo wa stampu nyingi za Uingereza ulitiwa pia herufi za kuhesabia karatasi, na baadaye herufi hizo zikaongezewa tarakimu za mwaka. Zilikusudiwa kuwasaidia watunza hesabu, lakini leo humwambia mkusanyaji stampu ilipigwa chapa lini. Wafaransa nao kwa miaka mingi waliandika tarehe yenyewe ya kupiga chapa katika pembe ya karatasi, na wapo watu wanaokusanya pembe hizo zenye tarehe na kuzilipia zaidi. Stampu mbili zaweza kufanana kama mapacha, moja ikapigwa chapa mwaka huu na nyingine miaka mitano baadaye. Ukingo ndio utakaozitenga.

Mfano ulio mashuhuri kupita yote watoka Marekani. Mwezi wa Mei 1918 nchi hiyo ilitoa stampu ya senti 24 kwa barua za kupelekwa kwa ndege. Ilikuwa na fremu nyekundu, na katikati pana ndege ya rangi ya buluu, kwa hiyo kila karatasi ilipitishwa katika mtambo mara mbili. Tarehe 14 Mei, William T. Robey alinunua katika posta ya Washington karatasi ya stampu 100 kwa dola 24, akaona ndege zote zimepinduka, magurudumu yakiwa juu. Hazikupita siku nyingi akaiuza kwa dola 15,000, na mnunuzi, Eugene Klein, akamwuzia Kanali Edward Green kwa dola 20,000. Green akaivunja karatasi ile, stampu zikatawanyika. Lakini kwanza kila stampu iliandikwa nyuma kwa penseli namba ndogo ya mahali pake, ili mahali pake pasisahauliwe.

Fungu moja la stampu 4 lilibaki na ukingo wa chini, na ukingoni pana namba 8493, ambayo ni namba ya bamba la ndege. Namba hiyo nayo imepinduka. Ifikiri maana yake. Kama mchoraji angaliichora ndege vibaya, namba ingalisimama sawasawa. Kwa kuwa ndege na namba zimepinduka pamoja, ukingo washuhudia kuwa karatasi yote na bamba havikuelekeana zilipopigwa rangi ya pili. Baadaye wapiga chapa waliongeza ukingoni neno la kuwaonyesha wafanyakazi upande wa juu ni upi. Hivyo ukingo umetunza habari ya kosa, na umetunza pia habari ya kujisahihisha.

Fungu hilo lenye namba ni moja tu duniani. Mwaka 2005 liliuzwa kwa dola 2,970,000, na mwaka 2021 likauzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 4.8. Lakini usiharakishe kusema kuwa ukingo ndio ulioleta fedha zote hizo. Mwaka 2023 stampu moja ya karatasi ile ile, isiyo na ukingo wowote, iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 2. Ilikuwa imefichwa mbali na mwanga kwa miaka mingi, hata rangi na gundi yake vikabaki kama vipya. Ukizidisha bei hiyo kwa 4 utapata zaidi ya milioni 8, nayo yapita bei ya fungu lenye ukingo. Minada ya miaka mbalimbali hailingani sawasawa, lakini fundisho ni wazi: usafi wa stampu waweza kuushinda ukingo.

Mfano mwingine watoka Israeli. Taifa hilo lilitangazwa tarehe 14 Mei 1948, na stampu zake za kwanza, zenye picha za sarafu za kale za Wayahudi, zilitolewa tarehe 16 Mei. Zilipigwa chapa kwa siri kabla jina la nchi halijaamuliwa, kwa hiyo badala ya jina la nchi ziliandikwa maneno yenye maana ya Posta ya Kiebrania. Chini ya safu ya mwisho ya kila karatasi palikuwa na ukingo wenye maandishi. Stampu za safu hiyo peke yake ndizo zilizoupata ukingo huo, na nyingi kati ya hizo zilichanwa zikatumika bila nao. Matokeo yake ni kwamba stampu za bei ya juu za mfululizo ule, zikiwa pamoja na ukingo wake wa maandishi, huuzwa mara nyingi zaidi ya bei ya stampu zile zile zilizoupoteza. Hapa sababu mbili zimekutana: ukingo una maneno yake, na uliosalia ni mchache.

Tena ipo stampu moja inayomfunga kinywa yule anayesema kuwa bila ukingo hakuna thamani. Ni stampu ya senti 1 ya mwaka 1856 kutoka Guyana, wakati ilipokuwa koloni la Uingereza. Ni moja tu ijulikanayo. Haina ukingo, na hata pembe zake nne zimekatwa. Pamoja na hayo, mwaka 2014 iliuzwa New York kwa karibu dola milioni 9.5, na mwaka 2021 kwa zaidi ya dola milioni 8. Uchache wake umekuwa mkubwa hata ukafuta kila kasoro.

Huenda ukasema kuwa hayo ni mambo ya nchi za mbali na watu wenye mali. La, yapo pia kwetu. Tangu mwaka 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stampu za pamoja, zenye picha za korongo, simba, mlima Kilimanjaro, Ziwa Naivasha na daraja la Jinja. Zile zenye kichwa cha Mfalme George VI zilianza mwaka 1938, zikaendelea kutolewa hata mwaka 1954 zilipokuja za Malkia Elizabeth. Katika miaka hiyo, ambayo ndani yake mlikuwa na Vita vya Pili vya Dunia, zilipigwa chapa mara nyingi, na kila mara palitokea mabadiliko madogo: rangi ilikolea au ilipauka, na vitundu viliongezeka au vilipungua. Nyingi zilikuwa na rangi mbili, zikahitaji mabamba mawili, na namba za mabamba zilitiwa ukingoni. Anayetaka kujua leo stampu yake yatoka katika bamba gani atafurahi akiikuta na ukingo wake wenye namba. Stampu hizo zilipita mikononi mwa wazee wetu, katika barua za mishahara, za misiba na za karo za shule, na baadhi yake zingali katika masanduku ya nyumbani.

Basi ukiikuta stampu yenye ukingo, jiulize maswali manne. Kwanza, je, ukingo huu wasema neno lolote, au ni mweupe mtupu? Pili, je, neno hilo stampu yenyewe hailisemi? Tatu, je, zilizosalia na ukingo kama huu ni chache? Nne, je, stampu na ukingo wote ni safi, bila mkunjo, doa wala mpasuko? Ukijibiwa ndiyo kwa yote manne, unayo haki ya kutaka bei kubwa kidogo, na pengine kubwa sana. Ukingo ukiwa mweupe mtupu, na stampu yenyewe ni ya kila siku, bei ni ile ile au yazidi kidogo mno. Wala usidanganyike na karatasi ndogo zenye kingo za mapambo mengi zinazotolewa siku hizi kwa ajili ya wakusanyaji. Kila anayezinunua huzitunza, kwa hiyo uchache hautokei.

Hata ukingo mtupu, hata hivyo, una faida. Hapo zamani stampu ziliwekwa katika albamu kwa kikaratasi kidogo chenye gundi, nacho kiliacha alama nyuma ya stampu. Mwangalifu alikibandika kikaratasi juu ya ukingo, stampu ikabaki haikuguswa. Na katika barua iliyotumwa, muhuri wa posta ukipita juu ya stampu na ukingo pamoja, wathibitisha kuwa viwili hivyo vilisafiri pamoja. Stampu ya namna hiyo usiiloweshe ili kuiondoa. Iache juu ya bahasha yake.

Penye fedha hapakosi hila. Wapo walaghai wanaochukua ukingo wa stampu ya bei ndogo na kuuunga na stampu ya bei kubwa. Usinunue kabla hujaichungua. Iinue penye mwanga, utazame kama nyuzi za karatasi zilizo baina ya vitundu ni nzima. Igeuze, utazame kama gundi imetanda sawasawa toka stampu hadi ukingoni, au imekatika katikati. Tumia kioo cha kukuzia. Na ikiwa bei ni kubwa, mpelekee bingwa aitazame kabla hujatoa fedha zako.

Sasa waweza kulijibu swali letu bila ya kufuata upande wowote. Karatasi ya ukingo haina bei yake yenyewe. Kinacholipiwa ni ushahidi wake. Aliyeandika namba ya bamba hakuwa akifikiri juu ya mnada, wala aliyetia herufi za hesabu hakuwa akimfikiri mwanafunzi wa historia. Walikuwa wakifanya kazi yao ya siku hiyo. Ushahidi mwingi wa historia huja kwa njia hiyo, kutoka kwa watu wasiojua kuwa wanashuhudia: risiti ya duka, jina lililoandikwa nyuma ya picha, tarehe iliyotiwa katika jalada la Kurani au Biblia ya nyumbani mtoto alipozaliwa. Vitu hivyo hutupwa kwa urahisi, kwa sababu viko pembeni mwa jambo lionekanalo kuwa kubwa.

Kwa hiyo, msomaji, mzee wako akikupa bahasha kuukuu au karatasi ya stampu iliyosahauliwa, usianze kwa kuchana. Soma kwanza kilichoandikwa ukingoni, na usichokifahamu kiache mahali pake mpaka umpate wa kukueleza. Stampu yenye ukingo waweza kuukata wakati wowote. Ukiisha kukatwa, hakuna gundi iwezayo kuurudisha na ushahidi wake ukaaminika tena.